Jengo la Tange pale Takamatsu: hiyo jadi iko wapi?

Swali
Habari wadau. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Mwalimu katuonyesha jengo la serikali ya mkoa wa Kagawa, mjini Takamatsu, Japani, alilobuni msanifu Kenzo Tange likakamilika 1958, akasema limebeba jadi ya Kijapani. Mimi naona zege tupu, ghorofa nane, paa bapa. Nisaidieni, nimelitazama mpaka macho yanauma.

Jibu la 1
Usiishie kwenye mnara wa ghorofa nane. Kuna bustani yenye kidimbwi na mawe, na lile jengo fupi la mbele limenyanyuliwa juu ya nguzo, watu wanapita chini yake.

Jibu la 2
Bustani ni nzuri, ila jibu liko juu. Mimi ni seremala, na jengo hili nalipenda kweli, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Tazama chini ya kila roshani. Utaona ncha za viboriti (boriti ndogo) vya zege zimejipanga karibu karibu, zimechomoza nje kama mbao za paa la hekalu. Zege halikulazimika kuonekana hivyo. Tange angeweza kumwaga sakafu nzito akamaliza. Alitaka jicho lisome mzigo unavyopita: kiboriti, mhimili, nguzo. Ndivyo nyumba ya mbao ya Kijapani inavyojieleza. Nguzo na mihimili ndiyo inayobeba, ukuta haubebi kitu, ndiyo maana unaweza kuwa mlango wa karatasi wa kutelezesha. Hapa kiini cha zege, yaani kuta nzito za katikati ya mnara, ndicho kinachokabili tetemeko, na pembeni kumebaki vioo na roshani.

Na usisahau kwamba zege lenyewe huzaliwa ndani ya mbao. Nguzo za jumba la makumbusho alilobuni msanifu Le Corbusier pale Ueno, Tokyo, la 1959, zilimwagwa kwenye kalibu za msonobari, na nyuzi za mti zimebaki kwenye zege. Anayezipitisha mkono anagusa kazi ya seremala.

Jibu la 3
Kwangu mimi Junzo Sakakura, msanifu mwingine wa Kijapani, alimzidi Tange. Jumba lake la makumbusho la Kamakura, 1951: nguzo nyembamba za chuma zimesimama juu ya mawe ndani ya bwawa, kama nguzo ya mti inavyokalishwa juu ya jiwe isioze. Jua likipiga maji, mawimbi yanacheza darini. Hakuna pambo hata moja la kuigiza ukale.

Muuliza swali
Nimekuza picha ya roshani. Nimeziona ncha! Kesho naanza kuzichora, moja moja.