Ushauri: Tutie utupa kijitoni ili kuondoa sato waliotoroka bwawani?

Mfugaji wa Bondeni:
Wanajukwaa, heshima kwenu. Sisi ni kikundi cha wafugaji wa samaki katika bonde la Mto Pangani. Miaka miwili iliyopita mvua kubwa ilibomoa kingo za mabwawa yetu, na sato wakaingia kwenye kijito kinachopita chini ya mashamba. Tangu hapo wavuvi wa ndoano wanalalamika kwamba perege wa asili wamepungua, na kwamba baadhi ya wanaonaswa ni machotara ambao hata wazee hawawatambui. Mzee mmoja anapendekeza tutwange majani ya utupa kama walivyofanya babu zake, tuue samaki wote, kisha tupandikize perege upya. Kaya zilizo chini yetu huteka maji humo humo. Je, jambo hili linafaa?

Afisa Mstaafu:
Ndugu, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na utupa ni sumu hata ukichumwa nyuma ya nyumba. Ukijitetea kwamba hukuwa ukivua bali ukisafisha kijito, utaulizwa kibali kiko wapi. Muone afisa uvuvi wa wilaya na watu wa bodi ya maji ya bonde kabla hamjatwanga jani hata moja.

Mwana wa Mto:
Mzee wenu hajakosea kuhusu nguvu ya mmea huo. Utupa una rotenoni, kemikali ile ile wanayoitumia wataalamu kwa kazi hii. Humwingia samaki kwa matamvua na kuzizuia seli zake zisitumie oksijeni, hata akafa kwa kukosa pumzi ilhali oksijeni imejaa majini. Lakini mtaalamu hupima kwanza kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde, ndipo apange kipimo cha dawa, na mwisho wa eneo hutia kemikali iitwayo pamanganeti ya potasiamu ili kuivunja nguvu ya sumu. Kinu cha majani hakikupi kipimo chochote. Tena wadudu wa majini na viluwiluwi hufa pia, ilhali mayai ya samaki huweza kunusurika.

Katika Mto Rondegat, kwenye milima ya Cederberg huko Afrika Kusini, samaki aina ya besi walioletwa kutoka Amerika Kaskazini walikuwa karibu wamewamaliza samaki wa asili katika kipande cha chini. Mwaka 2012, na tena 2013, rotenoni ilitiwa katika takribani kilomita 4, na samaki wa asili wakarudi bila kupandikizwa. Waliwezaje? Juu ya kipande hicho kuna maporomoko ambayo besi hawakuweza kuyapanda, hivyo samaki wa asili walikuwa wamesalimika huko, na chini kulikuwa na ukuta uliowazuia besi kurudi. Je, kijito chenu kina kizuizi cha namna hiyo?

Mfugaji wa Bondeni:
Hakina, mkuu. Na mabwawa yetu yako juu yake, bado yana sato.

Mama Perege:
Basi mtaua leo, na mvua ya masika iwaletee sato wengine. Mwaka 1962 Marekani walitia rotenoni katika zaidi ya kilomita 700 za Mto Green na vijito vyake kabla ya bwawa la Flaming Gorge kujaa, ili kuwapisha samaki aina ya trauti. Dawa ya kuivunja sumu haikutosha, samaki wakafa hadi ndani ya eneo la hifadhi la Dinosaur, na baadhi ya spishi za asili zilizoonekana takataka wakati ule leo zinalindwa kisheria. Hao walikuwa na wataalamu na vifaa, wala si kinu.

Inueni kingo, wekeni wavu kwenye mifereji ya kutolea maji, na mkinunua vifaranga, chukueni madume pekee, wasizaliane bwawani. Perege waliobaki wapelekeni kwa watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wawatambue kabla hamjawatenga kwa kuzaliana, maana mkikosea mtapandikiza machotara.

Mfugaji wa Bondeni:
Nimewaelewa. Jumamosi tunaanza na kingo, na mzee nitamsomea majibu haya yote.