MJADALA: Nagle izimwe tangu mwanzo kwenye seva, au ibaki ilivyo?

Mleta mada

Wakuu, hii mada ya Nagle, ile kanuni ya TCP (itifaki ya kusafirisha data mtandaoni) ya kushikilia vipande vidogo kabla ya kuvituma, kila ikija tunaishia kurushiana maneno, huyu anasema weka TCP_NODELAY (swichi ya kuizima) yaishe, yule anasema usiguse defolti za kerneli (kiini cha mfumo endeshi), na hamna anayeeleza kwa nini. Mi msimamo wangu nautoa mapema: kwenye programu za seva za leo Nagle izimwe tangu mwanzo, anayeitaka ndo aiwashe.

Kwa asiyeijua, mwaka 1984 John Nagle akiwa Ford Aerospace aliandika RFC 896 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti). Kilichomsumbua ni mtu kubonyeza herufi moja tu kwenye terminali, baiti 1, halafu hiyo baiti inabebeshwa heda (maelezo ya safari yanayotangulia data) za baiti 40 (20 za IP, 20 za TCP), yani mzigo wa baiti 41 unasafiri kwa ajili ya herufi moja na laini za enzi zile zilikuwa nyembamba. Dawa yake ilikuwa fupi: kama kuna data umeshatuma na ACK yake (taarifa ya mpokeaji kwamba imefika) haijarudi, kipande kidogo kinachofuata kishikilie mpaka ACK ije au mpaka paketi ijae, ambayo kwenye Ethernet ni kama baiti 1460.

Sasa mpokeaji naye ana ujanja wake, hatumi ACK papo hapo, anaichelewesha akitegemea kuna jibu litatoka aipandishe humo humo. RFC 1122 ya 1989 inataka asifikishe nusu sekunde, Linux inaanzia milisekunde 40 na Windows kwa miaka mingi ilikuwa 200.

Unganisha hizo mbili uone. Programu inaandika heda ya ombi kwa write (amri ya kutuma data) moja, mwili wa ombi kwa write nyingine, halafu inakaa kusubiri jibu. Cha kwanza kinaenda, cha pili Nagle kakishika anangoja ACK, na upande wa pili hauna cha kujibu maana ombi halijakamilika, na ACK nayo kaishika. Ni wawili mlangoni kila mmoja anamwambia mwenzie tangulia, mpaka taima iishe. Milisekunde 40 kwa kila ombi ina maana koneksheni moja haivuki maombi 25 kwa sekunde, hata kama mashine zote mbili ziko raki moja na kwenda na kurudi hakufiki milisekunde 1. CPU imelala, diski imelala, na watu wanailaumu database.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu unamwonea Nagle bure. Mwenyewe alishasema hadharani kwamba mbaya hapo ni ACK ya kuchelewa. Alafu hiyo write, write, kisha subiri ni uandishi mbovu tu, kusanya kila kitu kwenye baffa (kumbukumbu ya muda) au tumia writev (amri moja inayoandika vipande vingi), kiende kwa mkupuo mmoja, tatizo limekwisha bila kuzima chochote.

Hasara ya kuzima hujaisema. Watu wa lugha ya Go wenyewe wamezima Nagle kwenye soketi za TCP kama defolti, sasa mtu anaandika faili vipande vya baiti chache chache bila baffa, kila kipande kinatoka kama paketi yake na heda zake, na kwenye mashine yake haoni kitu maana pale hamna umbali. Akienda kwenye laini dhaifu ndo anashangaa kasi imeenda wapi. Nagle angemfichia aibu. Kama unataka kurekebisha, rekebisha ACK, kwenye Linux kuna TCP_QUICKACK, inayofanya ACK itumwe bila kucheleweshwa.

Mleta mada

Baffa nakubali kabisa, na anayezima Nagle bila kukusanya data zake anahamisha tatizo tu. Ila QUICKACK ni swichi ya mpokeaji. Mi naandika seva, klayenti siimiliki, sijui inatumia mfumo gani, nitaiwashia vipi? Na hata ukiwa na pande zote mbili haikai, kerneli inaweza kuirudisha ilivyokuwa, inabidi uiweke tena na tena baada ya kusoma.

Kingine, kuna data ambazo hazina cha kukusanyia. Tukio limetokea, baiti 60, lipelekwe, linafuata lingine. Hapo mwandishi hajakosea popote, ni kazi yenyewe ndo ilivyo, na Nagle anakaa kungoja kitu ambacho hakiji. Ndo maana seva ya wavuti nginx inakuja tcp_nodelay ikiwa on na curl (programu ya kutuma na kupakua data) nao wakaiwasha kama defolti mwaka 2016. Unayetaka paketi zijae kweli, TCP_CORK ipo, unaziba, unaandika, unazibua mwenyewe, sio kerneli ikukisie.

Mchangiaji wa pili

Mnaongelea programu au kerneli? Maana ni vitu viwili. Programu mpya izime, sawa, ila kerneli ibaki, kuna programu za zamani kibao zinaandika herufi moja moja na wenyewe walishaondoka. Na Linux ilishalegeza kidogo, inashika kipande kidogo pale tu kipande kidogo kilichotangulia hakijapata ACK, kwa hiyo mkia wa jibu kubwa hauumii, ila mfano wa mleta mada bado unaumia vilevile.

Kabla ya kubadili kitu mtu aendeshe tcpdump (programu ya kuonyesha paketi zinazopita) aangalie muda kati ya paketi. Akiona pengo la milisekunde 40 au 200 linajirudia, kamnasa Nagle. Akiona mapengo ya ovyo ovyo, aache Nagle apumzike akatafute kwingine.