Binti yangu kakanda unga dakika 40, mshahara kanyimwa! Tuliokwenda "mji wa kazi" wa watoto hapa Dodoma tumepigwa

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, huwa napita, nasoma, nacheka, naondoka. Leo nimeshindwa.

Kuna watu walikuja na tangazo: mtoto anavaa sare, anafanya kazi ya mtu mzima, analipwa hela ya mchezo, anaenda kuitumia. Siwataji, waliokuwepo jana wanawajua. Kiingilio 15,000 kwa mtoto, na mzazi 5,000 ya kusimama juani. Sisi wawili, wetu wawili na mtoto wa dada: 55,000. Bajaji ya kwenda na kurudi Nkuhungu siihesabu. Nilipodai risiti nikafungwa karatasi mkononi, eti ndiyo hiyo risiti.

Foleni nilisamehe. Zimamoto wenye mpira usiotoa maji nilisamehe pia, habari ya maji hapa mjini tunaijua wenyewe. Kwa daktari kulikuwa na kipimo cha moyo kimoja cha plastiki, sikio moja limeng'oka, watoto zaidi ya kumi wanakigombania. Upepo wetu mnaujua; ulinyanyua turubai la "benki", vijana wawili wakabaki wameshikilia nguzo mpaka saa nane. Nikasema haya, ni mchezo.

Binti yangu ana miaka 8. Tangu tupande treni ya umeme kutoka Dar, hataki kusikia kazi nyingine zaidi ya udereva wa treni. Kwenye tangazo treni ipo. Kufika, ni maboksi yamepakwa rangi, si neno, lakini dada wa getini akamwambia, "Wewe mrembo nenda kule kwenye mikate na wenzio, huku ni kwa akina kaka." Mama yake alitaka kuvua kiatu. Mtoto mwenyewe ndiye akasema basi mama, naenda tu.

Sasa hapa ndipo nilipochefukwa. Wakamvalisha aproni inayoburuza chini. Akakanda, akakata madonge, akapanga kwenye trei, dakika 40 kwa saa yangu. Unga mpaka kwenye nyusi. Kila mara anageuka kuhakikisha namwangalia. Trei ikaingia kwenye oveni ya gesi pale pembeni, yeye akanawa, akaenda meza ya malipo, akasimama mikono nyuma kama yuko mstarini shuleni.

Noti zimeisha. Njoo baadaye.

Alirudi mara tatu. Mara ya tatu meza haina mtu, na lile duka la kutumia hizo noti linauza pipi kwa hela halisi, 500 moja.

Hii biashara haijaanzia kwetu jamani. KidZania, kampuni ya miji ya watoto ya namna hii, walifungua mji wao wa kwanza Mexico mwaka 1999, na mchezo wote umesimama kwenye hela. Mtoto akifanya kazi analipwa kidZos, ndiyo hela yao ya mchezo, anaziweka benki ya mle mle ndani au anazitumia, na zipo huduma ambazo yeye ndiye anazilipia. Ukitoa mshahara, kinachobaki ni mtoto anayekanda unga wa mtu, tena kalipiwa kiingilio ili aukande.

Na ile mikate waliiuza! Mimi mwenyewe nilinunua miwili, 1,000 mmoja, nikijua najivunia mwanangu. Hebu niambieni hiyo inaitwaje.

Mama watoto ananiambia niachane nayo, hela imeshakwenda. Namba iliyokuwa kwenye tangazo haipatikani tangu jana saa moja usiku. Mimi ni mwalimu, nadai malimbikizo yangu, hiyo "njoo baadaye" nimeizoea kama salamu. Ila jana wakati wa kulala kaniuliza, "Baba, kesho ndiyo watanilipa?" Nikajifanya nimesinzia.

Mwenye kujua wanapopatikana aje inboksi. Ile 55,000 wakae nayo. Nataka waje wamlipe yeye, mkononi, zile karatasi zao. Anadai noti 8. Kaziandika nyuma ya daftari la hesabu, na tarehe kaweka.