Tupeane uzoefu: wajenzi wa nyumba ndogo za pembeni mwa reli (si ile mnayoifikiria)

Mjenzi wa Milimita (mwanzisha mada):

Wakuu, habari za humu. Kabla hamjanichafulia uzi: nyumba ndogo ninayoizungumzia ina urefu wa sentimita 14, haina simu, na mke wangu anaijua. Ipo sebuleni, anaipangusa vumbi yeye mwenyewe.

Nipo Minnesota, Marekani. Baridi yangu ya kwanza huku nilipata kibarua cha kusambaza vifurushi Saint Paul, na njia yangu ilipita Summit Avenue. Kwa ambao hamjaiona, ni barabara ndefu iliyopangwa majumba ya enzi ya Malkia Victoria: minara pembeni, baraza za kuzunguka, dohani ndefu, na mbao zilizotobolewa mpaka zinafanana na lesi. Nilikuwa nasimamisha gari napiga picha huku vidole vimekufa ganzi. Miaka kadhaa baadaye jirani yangu mzee alihamia kwa mwanawe, akaniachia meza yake ya treni ndogo za HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87. Treni zilikuwepo, reli zilikuwepo, mji haukuwepo. Nikasema naanza na nyumba moja, niimalize kabla ya Krismasi. Nashukuru sikutaja Krismasi ya mwaka gani.

Kilichonitesa kwanza ni unene. Urefu ni rahisi: mlango wa mita 2 unakuwa milimita 23, mtu mzima anakuwa kama milimita 20, unapima unakata. Lakini fishabodi za paa nilizikata kwa unene wa milimita 2, nikaziona nyembamba kabisa. Zidisha mara 87: sentimita 17. Nyumba ya mbao ikawa na fishabodi nene kuliko tofali la inchi sita! Ubao wa kweli wa inchi moja, kwenye HO ni milimita 0.3, sawa na kadi tu. Nikabomoa.

Pili, kuta. Nilitumia mbao laini za milimita 1, nikazipaka rangi ya maji upande wa nje tu, Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi ukuta wa mbele umejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Siku hizi nabandika kwanza vipande vya kukaza kwa ndani, halafu napaka pande zote mbili.

Mnara ndio uliokaribia kunitoa kwenye mchezo. Paa lake lina umbo la pia (koni), na karatasi nilizoharibu sizihesabu. Mwishowe nikakumbuka hesabu za sekondari: nusu kipenyo cha mnara, gawa kwa urefu wa mteremko wa paa, zidisha kwa 360. Mnara wangu una kipenyo cha milimita 30, mteremko milimita 45, kwa hiyo unakata kipande cha duara chenye pembe ya nyuzi 120, unakikunja, kinakaa. Mwalimu wangu wa hesabu popote alipo anisamehe, nilimwambia haya mambo hayatanisaidia maishani.

Haya, tupeane uzoefu. Ulijenga nini, kwa kipimo gani, na kosa lipi lilikuliza?

Umbea Daima:

Nimeingia mbio nikidhani kuna mtu kafumaniwa. Haya, nimeshaketi. Endeleeni.

Dada wa Leeds:

Mkuu, huku Uingereza mambo ni tofauti kidogo. Ukisema nyumba ya Victoria wengi wanaona safu: nyumba za matofali zilizoshikana bega kwa bega, paa la vigae vya mawe meusi kutoka Wales, na kijia cha nyuma. Kipimo chetu ni OO, 1:76, kwa hiyo futi moja ni milimita 4. Nimejenga safu ya nyumba sita, tena nusu tu, unene wa sentimita 2, zimegota ukutani nyuma ya stesheni. Nyuma hakuna kitu. Ni kama seti ya tamthilia.

Kosa la kwanza ni la printa. Nilinunua karatasi ya matofali ya kuchapa mwenyewe. Printa ikaipunguza kidogo ili itoshe ukurasa, mimi sikuangalia. Nikabandika nyumba tatu, nikachapa nyingine kwa mipangilio sahihi, nikabandika tatu zilizobaki. Tofali la Kiingereza ni inchi 9, kwa OO ni milimita 3. Upande mmoja matofali ya milimita 3, upande wa pili pungufu yake. Mtu akipita haoni. Mimi nikaona, nikashindwa kula.

La pili lilinifunza zaidi. Nilipeleka kazi yangu kwenye klabu, najisikia. Mzee mmoja akaiangalia muda mrefu, akaniuliza kwa upole: hawa watu wanalala na baridi? Nilikuwa nimeweka bomba moja moja la moshi kila nyumba. Kumbe kila sehemu ya moto ina bomba lake juu ya dohani. Nyumba ya vyumba viwili chini na viwili juu ina sehemu nne za moto, na kwa kuwa majirani wawili wanachangia dohani moja, pale juu yanahitajika mabomba manane. Mzee mwenyewe alizaliwa kwenye nyumba za namna hiyo, alikuwa anahesabu vyumba kwa kuangalia paa. Nikarudi nyumbani nikakata vijiti vya pipi 24, nikavipaka rangi ya udongo. Safu nzima ikapata uhai.

Na wanaopenda madirisha ya kutokeza mbele wajue kwamba kodi ya vioo ilifutwa 1845 na ya madirisha 1851. Ukijenga nyumba ya 1840 ya watu wa kawaida ukaijaza vioo, kuna mzee atakuuliza kwa upole.

Mpwani wa Ohio:

Mimi naona aibu lakini nasema. Babu yangu Pangani alikuwa mwezekaji wa makuti. Nimekulia chini ya ngazi yake nampa kamba. Sasa nimejenga nyumba ya HO yenye vile vigae vya mbao vya mviringo kama magamba ya samaki, nimevikata kwenye karatasi kwa mkasi, mistari 40 na ushei. Nikaanza kubandika kutoka kileleni. Nikashuka mpaka katikati ndipo nikashangaa kila mstari mpya unalalia ule wa juu yake badala ya kuingia chini yake. Nikampigia picha mjomba. Akajibu: mvua ya huko inanyesha kwenda juu?

Umbea Daima:

😂😂 Mjomba apewe maua yake.

Bati na Misumari:

Niko Nairobi. Mimi nilikataa minara. Nikajiuliza, enzi za Victoria hapa kwetu reli ilikuwa na nyumba gani? Ujenzi ulianza Mombasa 1896, reli ikafika Nairobi 1899. Ilipogusa ziwa pale Kisumu, Desemba 1901, malkia mwenyewe alikuwa ameshazikwa tangu mwanzo wa mwaka huo. Nyumba za wafanyakazi wa reli nyingi zilikuwa za mabati, paa na kuta, zimeinuliwa juu ya nguzo, na varanda mbele. Picha zipo pale Makumbusho ya Reli, nimezikodolea macho mpaka mlinzi amenizoea.

Reli yetu ya zamani ni ya mita moja. Kwa 1:87 inakuwa milimita 11.5, kwa hiyo natumia reli za milimita 12 zinazotengenezwa kwa ajili ya treni za milima ya Uswisi. Bei yake tusiongelee.

Shida ilikuwa bati. Mawimbi ya bati la kweli yanaachana kama milimita 76, kwa hiyo unatafuta mawimbi yasiyofika milimita 1. Nilijaribu kubonyeza karatasi ya alumini kwenye kitana, ikatoka kama paa la jitu. Fundi wa baiskeli jirani ndiye aliyenitoa gizani. Bolti ya milimita 5 ina nyuzi zinazoachana milimita 0.8. Unalaza kipande cha alumini juu ya bolti mbili ndefu zilizolala sambamba, unakandamiza kwa ya tatu, unabingirisha. Bati hilo! Ukikata vipande vya milimita 28 umepata bati la futi nane. Kutu naipata kwa chaki ya kahawia iliyosagwa, napaka kwa kidole. Kadi za michango ya harusi, zile nilizochangia na ambazo sikuchangia, ndizo fremu za madirisha.

Taa Njano:

Nyongeza fupi kwa wanaoweka taa. Pakeni rangi nyeusi ndani ya kuta kabla ya kufunga paa. Mimi sikupaka. Nikawasha LED usiku, ukuta mzima wa plastiki ukawaka kama tui kwenye glasi, madirisha hayaonekani. Na vioo msivibandike kwa supaglu, mvuke wake unaacha ukungu mweupe ambao haufutiki. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Chagueni LED ya njano, watu wale walitumia gesi na mafuta ya taa.

Seremala wa Unguja:

Wanangu, hizo mbao za lesi mnazosifu huko Marekani, piteni Barabara ya Mizingani mtazame ile Zahanati ya Kale. Jiwe lake la msingi liliwekwa 1887 na Tharia Topan, mwaka wa jubilei ya huyo huyo Victoria wenu, na roshani zake zimetobolewa hivyo hivyo. Sasa swali langu kwa mwanzisha mada: zako umezitoboaje kwa milimita 0.3?

Mjenzi wa Milimita:

Shikamoo mzee. Za kwangu nimechapisha kwa printa ya 3D ya maktaba, kwa mkono nilishindwa. Nilijipa moyo kwamba hata wao hawakuchonga kwa mkono: misumeno ya mvuke ilikata hizo lesi kwa wingi viwandani, treni ikazibeba mpaka miji ya mbali. Ndiyo maana siioni ajabu nyumba hii kukaa kando ya reli.

Nyingine niliyochelewa kuijua: meza yangu ni ya miaka ya 1950, kuna treni za dizeli. Kwa hiyo nyumba yangu haikutakiwa iwe mpya. Nimeikwangua rangi kwa msasa, nimeweka ngazi ya nje kwa wapangaji wa juu, na antena ya televisheni ya uzi wa shaba. Kabla ya hapo ilionekana kama keki.

Seremala wa Unguja:

Marahaba. Na choo kiko wapi?

Dada wa Leeds:

Mzee kauliza la maana. Safu yangu vyoo vipo uani, ila uani kwenyewe ndiyo hivyo tena, sikujenga.

Mjenzi wa Milimita:

Nimenyamaza kidogo kwa sababu nimekwenda kutazama meza. Hakuna choo. Hata shimo hakuna. Familia imekaa miaka miwili. Nimeanza usiku huu, milimita 14 kwa 14, kimo 24, nyuma ya mti. Mlango nauacha wazi kidogo.