Mashine ya tepe, ya chenga, au mkasi tu? Ulinganisho kwa matumizi ya nyumbani

Kabati_Limejaa:
Habari za humu wakuu. Nina maboksi mawili ya karatasi za miaka tisa: taarifa za benki, hati za mishahara, nakala za vitambulisho, majibu ya vipimo. Kuzitupa zikiwa nzima roho inasita. Kuzichana kwa mkono nimejaribu, vidole vikachoka kabla sijamaliza faili la kwanza. Nataka shreda ndogo, yaani mashine ya kukatakata karatasi. Nimeona inayokata tepe ndefu, inayokata vipande vifupi, na inayotoa chenga kabisa. Ipo pia ya kuzungusha kwa mkono, na mkasi wenye makali matano. Nyumbani tuko watatu. Ipi inafaa? Natanguliza shukrani.

mzee_wa_faili:
Nimekaa masjala miaka mingi, kwa hiyo nisikilize: ya tepe achana nayo. Tepe zinaangukia pipani zikiwa zimelala pamoja, kila moja karibu na mwenzake. Na ukiiingiza karatasi kwa ubavu, maandishi yakaenda sambamba na makali, mstari unatoka unasomeka wote, jina na namba ya akaunti kwenye utepe mmoja. Waliouteka ubalozi wa Marekani jijini Tehran mwaka 1979 walikuta nyaraka zilizokatwa tepe, wakaziunga kwa mkono hadi zikachapwa vitabu. Sisemi kuna atakayekesha na takataka zako, ila kama unanunua mashine, nunua inayofanya kazi.

Nusu_Milimita:
Shikamoo mzee. Naongezea vipimo, maana maneno ya kwenye boksi hupotosha. Tafuta alama ya P. Inatoka kwenye kiwango cha Kijerumani cha DIN 66399, ambacho sasa ni cha kimataifa pia, ISO/IEC 21964, na inaanzia P-1 hadi P-7; namba ikipanda, vipande vinakuwa vidogo. Tepe za upana wa hadi milimita 6 ni P-2. P-4 ni vipande visivyozidi milimita za mraba 160, na P-5 ni visivyozidi 30. Karatasi ya A4 ina milimita za mraba 62,370, kwa hiyo P-4 inakupa vipande karibu 390 au zaidi kwa karatasi moja, P-5 zaidi ya 2,000. Mimi nina P-5 na nalala usingizi.

mzee_wa_faili:
Marahaba. Lakini P-5 kwa karatasi za nyumbani ni kuua mbu kwa nyundo. P-4 inatosha.

Nusu_Milimita:
Mzee, nyundo yenyewe imeshanunuliwa 😅 Nakubali ina kero zake: inameza karatasi chache kwa mara moja, inakwenda polepole, inadai mafuta kila mara, na vumbi lake linaingia hadi kwenye zulia. Uzuri ni kwamba chenga zinajipanga vizuri, pipa halijai upesi kama la tepe, ambazo hufura kama nyasi kavu.

fundi_mota:
Wote mnazungumzia makali, hakuna aliyegusa mota, na mota ndiyo inayozikwa mapema. Hizi ndogo nyingi zimeundwa kufanya kazi dakika chache tu, kama mbili hadi tano, kisha zipumzike nusu saa hivi. Zikipata joto sana swichi ya ndani inazikata, na watu wanadhani zimeharibika. Sasa piga hesabu ya maboksi yako, tuseme karatasi 2,000. Ukiingiza tano tano, dakika mbili unamaliza kama 100. Pumzika nusu saa, rudia mara ishirini. Hiyo ni zaidi ya saa kumi umekaa na mashine.

Halafu "karatasi 8" iliyoandikwa kwenye boksi ni karatasi nyepesi, kavu, isiyo na mkunjo. Toa mbili. Ondoa pini za stepla na klipu, isipokuwa kitabu chake kimeruhusu. Stika usiipeleke hata kidogo: gundi inaganda kwenye meno, na baada ya hapo kila karatasi inakwama. Ikikwama, bonyeza kitufe cha kurudisha nyuma, usivute kwa nguvu. Mafuta yamiminie juu ya karatasi moja kwa mistari, uipitishe, kisha irudishe nyuma kidogo yaenee. Ya kupuliza kwenye kopo usitumie, gesi yake inashika moto kwa cheche ya mota.

Mama_Pacha:
Nami niliwahi kuwa na ya kuzungusha. Haili umeme, haipati joto, lakini tundu lilikuwa dogo hadi nikunje A4 kwanza, na mkono unauma kama umetwanga. Mkasi wa makali matano ni tepe tu, na kuusafisha katikati ya makali ni adhabu. Vyote viwili ni vya karatasi tano kwa wiki.

Kama una watoto au paka, chomoa kwenye umeme kila ukimaliza. Inayojiwasha yenyewe haijui kidole na karatasi vina tofauti gani. Yangu ilivuta mtandio wangu nikiwa nimeinama. Nilichomoa waya kwa mguu!

Maboksi ya zamani loweka. Ndoo, maji, usiku mmoja, kisha ponda kwa mti mpaka iwe uji. Zenye kung'aa na risiti laini haziloweki vizuri, hizo weka pembeni.

mzee_wa_faili:
Hapo umenena, dada. Na si lazima kukata ukurasa mzima. Kurasa nyingi za ndani hazina jina wala namba. Chambua kwanza, boksi mbili zitakuwa nusu.

Kabati_Limejaa:
Asanteni sana. Nimechambua jioni hii, nusu boksi tu ndiyo ina siri, nyingine ni matangazo na barua za salamu. Za zamani zinakwenda kwenye ndoo, na nanunua ya P-4 kwa karatasi zinazoingia kila mwezi. Swali la mwisho: kadi za benki zilizokwisha muda?

fundi_mota:
Kama mashine ina tundu lake la kadi, pitisha huko. Kama haina, chukua mkasi wa kawaida, kata chipu katikati na utepe mweusi wa nyuma vipande vitatu, vinne. Vipande usivitupe vyote siku moja.