A320 na 737 kwenye simyuleta: kulainisha mkunjo, kuongeza eneo mfu au kubadili jostiki?

Kipanga320
Wakuu, naomba ulinganisho. Kwenye MSFS (Microsoft Flight Simulator), pua ya A320 ya Airbus inayumba juu na chini karibu na kutua, na 737 ya Boeing ukigusa usukani kidogo inaruka. Ushauri unaotolewa ni wa aina tatu: kulainisha mkunjo wa mwitikio (jinsi msogeo wa jostiki unavyogeuzwa kuwa amri kwa ndege), kuongeza eneo mfu la katikati (sehemu ambayo jostiki ikisogea haitumi amri), au kununua jostiki yenye sensa za sumaku. Nianze na ipi, na mpangilio mmoja utafaa ndege zote mbili?

fundi_mihimili
Usianze na yoyote, pima kwanza. Bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, fungua sifa za jostiki, halafu iachie kabisa. Alama ya msalaba ikitetemeka bila kuguswa, potenshiometa (sensa ya kusuguana inayopima msogeo) imechakaa au imeingia vumbi. Hapo sensa za sumaku zina maana, maana hazina sehemu zinazosuguana. Isogeze pia polepole toka ukingo hadi ukingo. Ikiruka njiani, kasoro ni hiyohiyo. Ikitulia, usinunue kitu.

Kisha kagua mihimili, yaani misogeo ya kifaa iliyopewa kazi za kuongoza ndege. MSFS hukigawia kazi chenyewe kila kifaa unachochomeka, kwa hiyo si ajabu kukuta jostiki na kidhibiti cha michezo vyote vimepewa eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua). Vinapokonyana, na wewe unaona pua inatikisika. Eleveta, aileroni (vibao vya mabawa vinavyolaza ndege) na pedali, kila kimoja kiwe na kifaa kimoja tu.

Zima na misaada yote ya urubani, hasa ile ya kutrimu (kusawazisha pua ibaki ilipo bila kushikilia jostiki) kwa niaba yako. A320 inajitrimu yenyewe tayari.

Mwewe_wa_Juu
Mpangilio mmoja hautafaa. Jostiki inaomba vitu tofauti kwenye ndege hizi.

A320 ikiwa katika sheria ya kawaida (kompyuta zake za uongozaji zikifanya kazi kikamilifu), kuvuta ni kuomba g (kani ya mzigo kwenye ndege), na kulaza ni kuomba kasi ya kulala, mwisho nyuzi 15 kwa sekunde. Ukiachia, inashika njia iliyokuwa nayo. Ukiwa umelala chini ya nyuzi 33 inabaki hapohapo. Ukizidisha, inarudi yenyewe hadi 33. Anayeihangaisha jostiki muda wote ndiye anayezalisha yumbayumba. Gusa, rudisha katikati, subiri uone. Kwa kuwa katikati ni amri ya "baki ulipo", eneo mfu la asilimia 3 hadi 5 linafaa. Mkunjo uache umenyooka.

737 ni kinyume. Kasi ikibadilika pua nayo inasogea, lazima utrimu. Eneo mfu kubwa hapa linaharibu: unavuka katikati, ndege haijibu, unaongeza mkono, inajibu kwa ghafla. Asilimia 1 inatosha, au sifuri kama jostiki imetulia. Mkunjo laini kidogo unaruhusiwa, kwani jostiki ya mezani husafiri umbali mfupi kuliko usukani halisi. Usizidishe: ulaini unaoupata katikati unalipwa kwa ukali ukingoni, na ukingo ndio unaouhitaji kwenye upepo wa ubavu. Na unapotrimu, legeza mkono kidogokidogo sambamba na trimu, maana springi ya jostiki haijui trimu iko wapi.

Kipanga320
Msalaba umetulia. Kulikuwa na kifaa cha pili kwenye eleveta. Kukiondoa kumetuliza 737. Ila A320 bado pua inajishusha futi za mwisho.

Mwewe_wa_Juu
Hiyo si kasoro, mkuu, ndivyo ilivyoundwa. Kwenye futi 50 kompyuta inakariri mkao wa pua, na kuanzia futi 30 inaishusha taratibu kuelekea nyuzi 2 chini ya upeo, kwa sekunde 8, ili rubani alazimike kuvuta kama kwenye ndege ya kawaida. Vuta kidogo na ushikilie. Ukitibu hili kwa mkunjo, utaharibu kila awamu nyingine ya safari.

anga_wazi
Kwa wa X-Plane (simyuleta nyingine): vitelezi vya kuongeza uthabiti kwenye mipangilio ya jostiki virudishwe sifuri, vinginevyo ndege nzito inakuwa kama imefungwa kamba. Fremu zikishuka chini ya takriban 20 kwa sekunde, muda wenyewe unapunguzwa kasi, na hakuna mkunjo utakaoponya hilo. Punguza michoro kwanza.

Simyuleta yoyote: pakia abiria na mafuta kupitia kompyuta kibao ya ndege yenyewe kama inayo. Kitovu cha uzito kikikaa nyuma mno, mguso mdogo wa eleveta unarusha pua, na dalili zinafanana kabisa na za jostiki kali.

fundi_mihimili
Nyongeza kwa MSFS: Reactivity (mpangilio wa wepesi wa kujibu jostiki) iache asilimia 100. Ukiipunguza mwitikio unachelewa, unavuta zaidi kwa kudhani ndege haijasikia, kisha inapitiliza.