Naomba ushauri: kuhakiki dawa hatari usiku tukiwa wawili tu

Ndugu wauguzi wenzangu, habari za zamu.

Nipo wodi ya wagonjwa mahututi. Utaratibu wetu unataka insulini, heparini (ya kuzuia damu kuganda), noradrenalini (ya kupandisha presha) na potasiamu ya mshipa zihakikiwe na wauguzi wawili. Kwenye karatasi sahihi mbili hazikosekani. Ukweli ni kwamba usiku tunabaki wawili, kila mtu na wagonjwa wake, na mwenzako anakuja kusaini dawa ikiwa imeshachanganywa, bomba la sindano halina hata lebo.

Wiki iliyopita niliandaa insulini uniti 50 kwenye mililita 50. Kichupa kina uniti 100 kwa kila mililita, hivyo nilitakiwa kuvuta mililita 0.5. Nikavuta 5, maana nilishika bomba la kawaida badala ya lile la insulini. Mara kumi! Mwenzangu alikuwa ameshasaini. Nilishtuka mwenyewe kabla ya kuunganisha kwenye pampu. Nilitoa taarifa kwa msimamizi, nikaambiwa "kuwa makini", kana kwamba nilikuwa nacheza.

Potasiamu tumeshaifungia kabatini, na nimebandika jedwali la vipimo ukutani. Saa tisa usiku halisomwi na mtu.

Mlio na uhaba kama wetu, mnafanyaje ili mhakiki wa pili apige hesabu yake mwenyewe bila kuonyeshwa ya mwenzake? Na kuna waliofanikiwa kumshawishi mfamasia awaletee insulini ikiwa imeshachanganywa na kuwekwa lebo? Mlianzia wapi?